Eda Yangu na Kanda za Mama Ying

Mfunguo Pili, mwezi tano, Jumatano

Dalila mjukuu wangu, daftari hili ulilitia kwenye mkoba wangu mwenyewe, ukaniambia: Bibi, andika utakayoyaona Uchina, urudi na hadithi. Basi la kwanza kuandika ndilo hili. Babu yako amekufa, na mimi sipo.

Mjomba wako Nassor alipigiwa simu Jumamosi akiwa sokoni. Akapanda ngazi zote mpaka huku ghorofa ya sita, viatu vya mfano vya biashara yake mkononi, kushoto kimoja na kulia kimoja, akasimama mlangoni akasahau kuviweka chini. Nikamwambia, sema. Akasema Baba. Wakati huo walikuwa wamekwisha kumzika.

Mimi nililetwa huku kutolewa mtoto wa jicho. Jicho limepona, naona mpaka vumbi. Na la kuona silioni. Nikataka kupanda ndege siku ile ile, lakini sheikh wa nyumbani kasema kwenye simu: Bi Sihaba, kaa eda hapo hapo habari ilipokukuta. Miezi minne na siku kumi. Nami nimetii. Nimevaa nguo nyeupe, nimevua bangili, wanja nimeuweka mbali, mlango sivuki.

Nisamehe herufi, na tarehe nazihesabu kwa mwezi mwandamo. Sikusoma, unajua. Ulinifundisha wewe kwa kipande cha mkaa kwenye sakafu ya uani, na ulikuwa mwalimu mkali kuliko fimbo.

Mwezi sita

Leo hakuja mtu.

Mwezi saba

Hakuja mtu.

Mwezi tisa

Kwetu nyumba yenye eda hupati pa kutia mguu. Wanawake wanakuja na mikeka yao, huyu anachambua mchele, yule anasoma, wa tatu anamsengenya wa nne aliyekwenda chooni. Huwezi kulia peke yako hata ukitaka. Mimi nilikaa hivyo na dada yangu, nikakaa na Bi Mwanaidi, nikakaa hata na yule mke mwenza wa shoga yangu niliyekuwa simpendi. Nilikaa naye, nikamkanda miguu. Nilidhani ikifika zamu yangu watanikalia wao.

Nassor anatoka asubuhi kwenda Zhanxi, kwenye soko la viatu, anarudi kiza. Ni mtoto mwema. Lakini mwanamume hakai eda na mtu.

Nataka mwanamke mmoja. Asiseme kitu. Akae tu kwenye mkeka.

Mwezi kumi na moja

Kaja mmoja, lakini sijui kama anahesabika. Anaitwa Jacinta, Mkamba kutoka Nairobi, amepanga chumba ghorofa ya tatu, anapeleka viatu kwao. Ananiita shosho, ndiyo bibi kwa maneno ya kwao. Nikamwambia mimi si shosho, mimi ni Bi Sihaba. Akasema, sawa shosho.

Alikaa na koti lake mwilini, mkoba mapajani, kama aliye kituoni. Akaniuliza kamati ya mazishi inakutana lini ili atoe mchango. Nikamwambia maiti kazikwa siku ile ile. Akashika kichwa. Siku ile ile? Hata kabla ya picha? Nikacheka, Dalila. Astaghfirullahi, nikacheka mpaka machozi, kisha yakawa machozi kweli, naye akaja akanishika bega. Halafu simu yake ikalia, akashuka mbio. Mtu wake wa makontena.

Mwezi kumi na tatu

Kuta zinatoka jasho. Si uwongo. Maji yanatiririka ukutani na mvua haijanyesha, nguo haikauki, chumvi imekuwa uji. Nassor anasema ndiyo hali ya hewa ya huku kila mwaka ukitoka baridi.

Na ukuta wa chumbani kwangu juzi ulianza kuimba.

Nyumba ile ya jirani ilikuwa kimya tangu nilipofika. Sasa kahamia mtu, na huyo mtu ana redio ya kanda. Ngoma, magitaa, kinanda, na wanawake wawili wanaimba. Si Kichina, Kichina nimekwisha kukizoea masikioni. Mmoja ana sauti nyembamba ya juu, nimemwita Chiriku. Wa pili sauti yake inatoka chini kifuani, nimemwita Njiwa. Mimi nimekaa kwenye mikeka ya taarabu tangu sijavunja ungo, sauti nazijua. Hawa si wabaya. Lakini mimi nimo edani na muziki si wangu. Nikahamisha mto upande wa pili wa chumba. Chumba chenyewe ni cha hatua mbili, muziki ukanifuata.

Mwezi kumi na nane

Nimemwona jirani. Nassor alikuwa anatoka, mlango wazi, naye anapanda na kikapu cha mboga. Mwanamke makamo yangu, sweta la kijivu, uso mkavu. Nikampungia mkono, nikamwonyesha mkeka, nikapiga sakafu kwa kiganja: njoo, karibu. Hilo halitaki lugha.

Akautazama mlango wangu. Akanitazama mimi na weupe wangu. Akarudi nyuma hatua, akapunga mkono mbele ya uso kama anayefukuza nzi, akaingia kwake akafunga.

Na kichwani ana ua. Ua jeupe la uzi wa sufu, kalichomeka juu ya sikio. Mtu mzima yule. Haukupita muda redio ikaanza, na chini ya mlango ikaja harufu kama ya udi. Muziki, ua, udi. Nimemwita Mama Maua. Anamngojea bwana yupi, sijui.

Mwezi ishirini

Nimeongea na mama yako kwa simu. Nikamuuliza babu yako aliogeshwa na nani, mvua ilinyesha, nani alishika jeneza mbele. Akasema hakukuwa na mvua. Jana shangazi yako alisema ilinyesha mpaka kaburi likajaa maji. Kubalianeni huko.

Mwezi ishirini na saba

Mama Maua hapigi kanda kila siku. Anapiga kwa wiki mara moja, mchana, tangu mwanzo hadi mwisho, kisha kimya. Wiki hii kabadilisha. Waimbaji ni wale wale lakini wamekua. Katika kanda ya kwanza walikuwa kama watoto wanaokimbizana. Katika hii ya pili wanajua wanakokwenda.

Kuna wimbo mmoja, ngoma yake inadondoka kama maji kwenye ndoo. Chiriku anapanda, anapanda, unadhani sasa atafika darini, halafu, ka! Njiwa yuko chini tayari. Hukusikia alivyoshuka. Kama mtu anayeteremka ngazi akaruka kidato makusudi kukutisha. Ufundi huo sijausikia hata kwa mabingwa wetu.

Nasikiliza kwa sababu ukuta ni mwembamba. Sijauita.

Mfunguo Tatu, mwezi nane, Jumapili

Mtaa mzima wa Wachina umekwenda makaburini. Jacinta anasema ndiyo siku yao ya kufagia makaburi. Mama Maua alitoka asubuhi, akarudi viatu vimejaa udongo. Nimemwona kwa tundu la mlango. Ua analo.

Nikasema, haya, hata yeye ana mtu wake chini. Lakini sikulaza moyo hapo. Nilikuwa na hasira, na hasira ni mwenzangu pia.

Mwezi kumi, Idi

Leo nimefanya jambo.

Nassor aliswali msikitini, akaja akanibusu mkono, akala tambi mbili tatu, simu ikaita: kontena limefungwa kabla ya mzigo wake kuingia. Akaondoka na kanzu yake nzuri. Jacinta yuko Hong Kong kwa habari za viza. Mchana wa Idi kubwa mimi niko na sufuria la pilau ambalo hata paka hayupo wa kuligawia. Nikajitia kuwaza kwetu saa hizi, nani amekaa kiti cha babu yako, nani anakukatia kuku wewe na kukudhulumu paja. Na babu yako katika Idi yake ya kwanza chini ya mchanga, sijamtilia hata konzi moja.

Basi hapo ndipo ukuta ukaanza. Na wimbo wenyewe wa furaha, wa kurukaruka, Chiriku na Njiwa wanapokezana kama wasichana wanaoruka kamba.

Nikachukua mchi. Mchi wangu mwenyewe, ule uliouona nauviringisha kwenye kanga ukanicheka. Nikaupiga ukuta. Nikaupiga mpaka chokaa ikaanguka. Nikasema maneno, Dalila, usiyatake. Nikamwambia huna haya, nikamwambia mwanamke mzima unajipamba na kupiga ngoma mlangoni kwa mjane. Hakuelewa hata neno. Mchi aliuelewa.

Muziki ukakatika. Haukufika mwisho wa neno.

Nikakaa chini. Mkono unaniuma mpaka begani.

Mwezi kumi na tatu

Ukuta kimya.

Mwezi kumi na saba

Siku yake ya kanda ilikuwa leo. Kimya. Nimesikia anapiga chafya.

Mwezi kumi na tisa

Mvua. Kimya. Sasa nina hakika kwamba mimi ni mtu mpumbavu, kwa sababu nakaa nimeegemeza sikio kwenye ukuta nilioupiga mwenyewe.

Mwezi ishirini na mbili

Jacinta karudi. Nilimweleza yote, nikidhani atanisifu. Akaweka kikombe chini.

Akasema, shosho, lile ua si la urembo. Huku mwanamke akifiwa anavaa ua la uzi kichwani, na mpaka zipite siku mia haendi nyumbani kwa mtu, asimpelekee nuksi. Akasema amekutana na yule mama ngazini na wameongea kwa kile Kichina chake cha kupigania bei. Aliyekufa ni binti. Jina lake Ying. Nyumba ile ilikuwa ya Ying, alikuwa mshonaji kwenye kiwanda cha mashati, ugonjwa wa damu ukamla kwa muda mfupi. Mama katoka kijijini kuja kukusanya vitu, ameshindwa kuvikusanya, amekaa.

Na kanda ni za Ying. Wale waimbaji ni kundi la Wajapani linaloitwa Amagumo, maana yake mawingu ya mvua. Ying alikuwa akilipenda tangu shuleni. Yule mama hajui Kijapani, hajui hata nani anaimba nini. Kila siku ya saba anamwashia mwanawe ubani, anampigia kanda moja, asikie.

Nikauliza, na siku ile nilipomwita, akakataa?

Jacinta akasema, "Alikuwa anakuhurumia, shosho. Alikuona na nguo nyeupe, akajua una msiba. Akaogopa kukuongezea."

Jacinta hajawahi kuniona sisemi kitu, akaogopa, akanipikia chai mbaya.

Fikiria, mwanangu. Yeye haingii kwa watu kwa sababu ya msiba wake. Mimi sitoki kwa watu kwa sababu ya wangu. Tumekaa tumepeana mgongo na ukuta katikati, kila mmoja anaona mwenzake amemdharau. Na mimi nilikuwa na mchi.

Mwezi ishirini na tatu

Nitafanyaje? Kumwomba radhi ni kwenda mlangoni kwake, na mlango sivuki. Jacinta anasema atanisemea. Nikamwambia kosa langu halisemewi na mtu wa viatu.

Mwezi ishirini na nne

Leo ni siku ya kanda. Nikangoja mpaka saa yake, kimya. Nikachukua mchi tena. Nikaufunga kitambaa kichwani mwake. Nikakaa chini karibu na ukuta, nikagonga polepole ile ngoma ya kanda ya kwanza, wimbo wa mwanzo kabisa: mbili, kimya, mbili, moja. Naijua kama mapigo ya kinu. Nikaigonga nyimbo nzima, nikafika mwisho, nikaanza upya.

Hakujibu. Nikasema haya, nimestahili. Nikaenda kutia wali maji.

Nikiwa na kata mkononi, ukuta ukaimba. Chini chini, ameipunguza sauti kama anayemfunika mtoto. Nikaacha wali ukaungua.

Mfunguo Nne, mwezi tatu

Nassor kaniambia, Mama, eda na muziki? Watu watasema. Nikamwambia, watu wapi? Walete waje waseme, angalau nitakuwa na watu.

Kisha nikamwambia la kweli. Sichezi, siimbi, sifurahi. Yule mama anamwombea mwanawe kwa alichonacho. Mimi nimekaa naye tu, kwenye upande wangu wa ukuta. Sheikh akiniuliza nitamjibu, na Mola ananijua. Kesho yake akaniletea mto mpya wa kuegemea, hakusema ni wa nini.

Mwezi tisa

Kanda ya tatu. Nimekwambia nazijua sauti. Hawa wawili hawasemeshani. Chiriku anaimba beti lake, anatoka, Njiwa anaingia. Hawakutani popote, kama mke mkubwa na mke mdogo kwenye jiko moja. Nikamwambia Jacinta, hapa pana mwanamume. Mpiga gitaa, kwa vyovyote. Kamchukua Njiwa, Chiriku kamwona.

Jacinta akaahidi kuuliza.

Mwezi kumi na sita

Kanda ya nne. Njiwa hayupo. Chiriku peke yake, na wenye vyombo wamepiga kwa nguvu kuziba nafasi, kama mtu anayetandika kitanda kipana akalala upande mmoja. Naielewa kanda hii kuliko zote, na siipendi.

Mwezi kumi na saba

Hakukuwa na mwanamume. Mama mtu kamwonyesha Jacinta karatasi za Ying, alikuwa amekata habari zao zote magazetini na kuzibandika. Njiwa alirudi kwao mlimani kumuuguza mamake. Ndiyo yote. Hawakugombana hata siku moja. Chiriku alikataa kutafuta mwingine wa kuimba naye, akarekodi peke yake, kanda haikununuliwa.

Jacinta akasema, shosho, wewe ungekuwa hakimu wote tungenyongwa. Mtoto hana adabu. Anasema kweli.

Mwezi ishirini na tatu

Mvua inapiga kama watu wanaomwaga kokoto. Jacinta hajapanda siku tatu, mzigo wake umelowa ghalani huko Liuhua, anakausha viatu kimoja kimoja kwa pasi ya umeme.

Hakuja mtu. Lakini saa ya kanda nimegonga ukuta mara mbili, naye akagonga mara mbili.

Mwezi ishirini na nane

Mlango umegongwa.

Nikachungulia kwa tundu: yeye. Kichwani hana ua. Siku zake mia zimetimia. Amechana nywele kwa maji, kavaa shati safi, mkono mmoja machungwa kwenye mfuko mwekundu, mkono wa pili redio imekumbatiwa kama kuku. Nikafungua. Hakungoja nimkaribishe, akavua viatu kizingitini, akaingia akakaa mkekani. Pale pale nilipopapiga kiganja siku ile.

Nilikuwa nimejifunza neno kwa Jacinta la kuomba radhi. Likanitoka kichwani. Nikamwonyesha ukuta penye chokaa iliyobanduka, nikajipiga mkono wangu wenyewe, pa, kama unavyompiga mtoto aliyeiba sukari. Akaangua kicheko. Jino la dhahabu analo huyu.

Nikamwita. Nikamwambia, karibu, Mama Ying.

Dalila, mimi sikuwaza. Kwetu mwanamke anaitwa kwa mwanawe, akifa mwanawe anaitwa vile vile, ndiyo heshima. Huyu akashika mdomo kwa mikono miwili. Jacinta aliniambia jioni kwamba tangu mazishi hakuna aliyelitaja hilo jina mbele yake, majirani wote wanalikwepa wasimtoneshe. Mimi mgeni nimemtupia usoni kama salamu.

Akakaa hivyo, mikono mdomoni. Kisha akajionyesha kifua kwa kidole, taratibu. Akasema: "Mama Ying." Kwa Kiswahili chetu. Akasema tena.

Nikamkanda miguu. Alikuwa anapanda ngazi na magunia ya mchele peke yake, miguu imejaa mafundo.

Mfunguo Tano, mwezi nne

Kaja.

Mwezi sita

Kaja. Kaleta sindano, kanishonea pindo la gauni bila kuulizwa, alilionaje sijui.

Mwezi kumi na mbili

Anakuja kila siku. Hatuna lugha. Ananiambia mambo marefu kwa Kichina nami namwambia kwa Kiswahili, na kila mmoja anaitikia. Nimemweleza babu yako alivyokuwa anakoroma, alivyonioa kwa mkopo wa karafuu, alivyokataa kula dagaa maisha yake yote halafu mwaka jana akaanza. Anatikisa kichwa mahali panapostahili.

Leo kanifungulia kanda nione ndani. Jacinta alikuwapo, akatafsiri. Kanda hizi hazikuja nzima. Huko zilikotoka zilikosa wanunuzi, zikapigwa msumeno pembeni zisiuzwe tena, zikaletwa huku kwa shehena kama takataka za plastiki. Watu wakaziokota wakaziuza kwa rundo. Ying alikuwa akizinunua karibu na stesheni, anazibomoa, anatafuta utepe ulipokatika, anakata pale palipoharibika, anaunga ncha mbili kwa gundi kwa kucha zake ndefu, anazirudisha. Kila kanda ina alama ya msumeno ubavuni. Kila kanda ina mahali pamekosekana.

Nikauliza, basi ile ka! ya wimbo wa ndoo, pale Njiwa anaporuka kidato?

Ndiyo, shosho. Pale pamekatwa.

Na mimi nilikuwa nimewavulia kilemba Wajapani kwa ufundi ule.

Mwezi kumi na tisa

Kanda ya tano. Wapiga vyombo watatu wameondoka kwenye kundi, wamekodi wapigaji wengine. Mama Ying alilala katikati ya kanda, mkekani. Nikamfunika.

Mwezi ishirini na sita

Kanda ya sita, ya mwisho. Njiwa karudi. Mamake kafa, yeye karudi. Sauti imekwaruza, imeshuka zaidi, naye Chiriku hapandi tena darini, anamngojea. Wimbo mmoja tu wameimba pamoja, kisha kundi likavunjwa, Ying aliandika tarehe kwenye karatasi zake.

Jacinta anasema nyimbo za kanda hii hazina mauzo. Nikamwambia kaa kimya, usikilize watu wazima.

Mwezi ishirini na nane

Simu. Binamu yako anasema jeneza lilishikwa mbele na Abdulwakil. Mama yako alisema ni Kasmir. Nikauliza babu yako alisema neno gani la mwisho. Mmoja anasema shahada, wa pili anasema aliomba maji, wa tatu anasema alikuwa kalala. Nimekata simu. Nikifika nitawakalisha wote mstari mmoja, nimuulize kila mtu, nijaze pengo mwenyewe.

Mfunguo Sita, mwezi kumi, Jumamosi

Nimetoka eda.

Nimeoga, Mama Ying kanimwagia maji mgongoni kama tulivyokubaliana kwa vidole. Nikavaa kanga mpya aliyoniletea Jacinta. Nyeupe nimeikunja. Nikavuka mlango. Ghorofa sita zile, magoti yakalia yote mawili.

Mtaa wetu huu wa Dengfeng, Dalila, nilikuwa nauona kwa juu tu, vichwa na miavuli. Chini kuna Wakongo wanabishana kwa Kifaransa, kuna Mmali anachoma nyama, kuna vibanda vya simu kila hatua, na kila mtu ananiita mama. Jacinta kanipeleka mpaka Zhanxi nikaona anapopigania mkate wake. Akamwambia yule laoban wake, mwenye duka, kwamba mimi ndiye bosi wake kutoka Afrika. Laoban akaniletea kiti na chai. Nikamkuta kamuuzia Jacinta viatu vya gundi mbovu, nikavinusa, nikavirudisha. Nilifurahi kidogo. Sitakuficha.

Tukapita penye duka la redio na santuri zile ndogo za kung'aa. Spika mlangoni, kubwa kama kabati. Na ikatoka ngoma ya ndoo.

Nikasimama katikati ya mikokoteni. Chiriku anapanda, anapanda, nikajiweka tayari kwa ile ka. Haikuja. Santuri hii ni nzima, haikupigwa msumeno. Akafika darini, na Njiwa akamfuata huko huko juu, wakashikana, wakashuka wote wawili kidato kwa kidato mpaka chini. Beti zima. Zuri, sitasema uwongo.

Nikamwambia Jacinta, mwambie huyo mtu airudishe nyimbo, asiitoe santuri, nakuja. Kwa teksi nikaenda, ngazi nikapanda, sijui kwa magoti ya nani. Nikamshika Mama Ying mkono na unga wake viganjani. Nikamwambia njoo, njoo usikie, kipo, kile kilichokatwa kipo.

Alisikiliza mbele ya ile spika, ameinamisha kichwa. Ilipofika pale akafumba macho. Ikapita. Ikaisha. Mwenye duka akamnyooshea santuri, Jacinta akatoa pesa.

Mama Ying akaisukuma nyuma, kwa adabu. Akanitazama. Akainua vidole viwili akavikatisha hewani kama mkasi, kisha akavikutanisha ncha kwa ncha, akavibana, kama anayengoja gundi ishike.

Nikamwelewa: pale palipokatwa ndipo penye mkono wa Ying. Jacinta akauliza, kwani hataki iliyo nzima? Nikamwambia twende.

Tulirudi juu, watatu. Safari hii mimi ndiye niliyeingia kwake, kwa mara ya kwanza. Picha ya Ying iko juu ya meza, shavu nene, meno ya mbele yamepishana. Nikampa salamu. Mama akatia kanda ya pili. Tukakaa sakafuni bega kwa bega. Chiriku akapanda, akapanda. Hakupumua, nami sikupumua.

Ka.

Akanifinya goti.

Mwezi kumi na nne

Ndege ni kesho. Mama Ying kanipa machungwa, nami nimemwachia mchi. Anajua wa nini.

Dalila, hili nalisema nawe uwaambie wote kabla sijafika. Nisimkute mtu amejipanga kunieleza babu yako alikufaje. Nani aliogesha, nani alibeba, mvua, jua, neno la mwisho, sitaki. Mimi sikuwapo. Hapo pangu palipokatika paacheni palivyo.

Tandika mkeka uani. Uje ukae.